Ufa Uliopewa Uraia

Msomaji asihangaike kuitafuta nchi yetu kwenye ramani. Ramani ya mwisho iliyotuonyesha ilichanika kwenye mkunjo, katikati kabisa ya mji mkuu, na kwa kuwa kwetu kuchanika ni kosa, imewekwa stoo mpaka itakapopona. Lakini nchi ipo. Mimi ni shahidi, maana nimeishi humo nikitii kila amri, hata zile zilizofutwa kabla sijamaliza kuzitii.

Sheria yetu kubwa ni Sheria ya Mshikamano. Siku ya uhuru, Mlezi wa Taifa alisimama mbele ya umati akasema kwa sauti nzito, "Katika nchi hii, hakuna kitakachovunjika." Watu walipiga makofi wakidhani ni hotuba. Makarani waliokaa nyuma yake walidhani ni agizo. Toka siku ile hakuna kilichovunjika. Mtu akianguka kutoka juu ya mti, hospitali huandika kwamba mguu wake umepata kona ya pili. Lori likikatika ekseli, dereva hupanga matawi barabarani na kuweka kibao: LORI LINATAFAKARI. Ndoa nazo hazivunjiki. Mume na mke huonekana tu wakiishi katika wilaya mbili tofauti, kwa mshikamano. Maneno yenyewe, kuvunjika, kupasuka, kukatika na yote ya ukoo huo, yalipigwa marufuku, na anayeyatamka hutozwa faini. Kwa nini mimi nayaandika hapa bila woga, msomaji ataelewa akifika mwisho.

Tuliishi Bondeni. Juu yetu serikali ilikuwa imejenga ukuta mrefu wa zege kuuzuia mto, ukaitwa Ukuta wa Mshikamano, na nyuma yake likatuama bwawa kubwa. Jirani yangu alikuwa Bi Nyamizi, mjane aliyelea wajukuu wawili kwa kulima vitunguu chini ya ukuta ule, karibu kiasi kwamba asubuhi kivuli cha ukuta kilimfikia kitandani.

Kiangazi kimoja akaniita.

"Mzee Malongo, hebu njoo. Vitunguu vyangu vimemwagiliwa na mtu nisiyemjua."

Nikaenda. Vitunguu vilikuwa vinaogelea. Tukainua macho pamoja, tukaona ufa. Ulianzia juu ya ukuta ukashuka mpaka chini, na mahali pengine mtu angeweza kuingiza kiganja. Maji yalitoka taratibu, bila haraka, kama mgeni anayejua kwamba chakula hakijaiva.

"Masika ikija?" akaniuliza.

Hata mtoto wa chekechea angejua jibu. Masika ikija bwawa litajaa, ukuta utakwenda, na Bondeni yote itakwenda nao.

Siku hiyo hiyo Bi Nyamizi akafunga kitanda chake na mikeka, akawashika wajukuu, akaanza kupanda kilima. Kwenye kizuizi akamkuta koplo wa polisi.

"Bibi, unahama kwa sababu gani?"

"Ukuta."

"Ukuta umefanya nini?"

Bi Nyamizi akafikiria maneno aliyokuwa nayo. Yote yalikuwa na faini.

"Haujafanya kitu," akasema.

"Basi huna sababu. Rudi nyumbani ukaendelee kufurahi."

Kesho yake likatangazwa katazo: hakuna mtu kuhama Bondeni, kwa kuwa kuhama ni kuusingizia ukuta.

*

Nisiionee serikali. Serikali ilichukua hatua. Ilimleta mhandisi, kijana aitwaye Domisiani, aliyekuwa amerudi karibuni kutoka ng'ambo. Alikuja na msafara wa Waziri wa Mshikamano, Mheshimiwa Liberati Kasongwa, mtu mwenye kifua kipana na maikrofoni yake binafsi. Wanakijiji tuliamriwa kusimama pembeni na kupiga vigelegele vya wastani.

Mhandisi akautazama ufa. Akapanda ngazi, akashuka. Akafungua mdomo, akaufunga. Tuliona koo lake likipanda na kushuka, likipitia maneno yote ya lugha yetu na kukuta kila moja lina mlinzi mlangoni.

"Vipi?" Waziri akauliza.

"Mheshimiwa," mhandisi akasema, "hii ni rapcha."

Wakubwa wakashusha pumzi. Neno lilikuwa la Kiingereza, na sheria haikuwa imelitaja. Mimi, niliyejifunza Kiingereza kwenye masomo ya jioni baada ya kazi, kwa taa ya chemli na kwa kamusi niliyoinunua mwenyewe, nililijua neno lile. Waingereza huliandika *rupture*, nalo maana yake ni kupasuka kwa kitu kilichokuwa kizima, hasa kwa kusukumwa kutoka ndani. Nilikuwa na hamu ya kueleza, lakini sikuulizwa.

Waziri akazunguka ngazi mara moja, mikono nyuma.

"Hilo neno ni letu?"

"Si letu, mheshimiwa."

"Hatuna neno lake?"

"Kwa mujibu wa sheria, hatuna."

"Basi na kitu chenyewe si chetu," Waziri akasema, na uso wake ukang'aa. "Hiki kitu ni kigeni. Kimeingia nchini na kujipachika kwenye ukuta wetu bila kibali. Huu si ufundi, ndugu zangu. Hili ni suala la Uhamiaji."

Makarani wakaandika. Hivyo ndivyo ilivyopatikana kanuni ambayo wanasheria wetu wanaisoma hadi leo: kitu chochote kilichotajwa kwa Kiingereza, hadharani, na mtu mwenye mamlaka, ni mgeni.

*

Idara ya Uhamiaji ikamtuma afisa aitwaye Sangija, mwembamba, mpole, mwenye kuzipenda taratibu kama wengine wanavyopenda kandanda. Akaweka meza na viti viwili chini ya ukuta, kimoja chake na kimoja cha ufa.

"Jina lako?" akauliza.

Ufa ukadondosha maji.

"Uliingilia mpaka gani?"

Ufa ukadondosha maji.

"Una shughuli gani hapa nchini?"

Hapo kipande cha zege kikatoka, kikaanguka mezani. Afisa Sangija akakipokea kama kielelezo.

Bi Nyamizi alikuwa anapita na ndoo. Afisa akamwambia kwa sauti ya chini, "Anaonekana ana majuto. Tangu asubuhi analia."

"Halii huyo, mwanangu," Bi Nyamizi akasema. "Anakuja."

Mahojiano yakashindikana, ikaamuliwa ufa urudishwe kwao. Swali likawa, kwao ni wapi. Ukaundwa ujumbe mkubwa ukiongozwa na Profesa Atanasi, ambaye alikuwa mtaalamu wa kusafiri, ukaondoka kwenda kutafuta asili ya neno rapcha. Waliondoka wakati vumbi limetanda. Walirudi wakati mawingu yameanza kukusanyika juu ya bwawa, na ufa wakati huo ulikuwa unameza mkono mpaka kwenye kiwiko.

Ukaitishwa mkutano wa hadhara kwenye uwanja wa Bondeni, mbele ya ukuta, sisi kwenye nyasi, wao jukwaani chini ya turubai. Profesa Atanasi akasimama akiwa amevaa skafu.

"Tulianza na London," akasema. "Tukawauliza, je, huyu ni mtoto wenu? Wakasema hapana, wao walimlea tu, aliletwa na Wafaransa zamani sana. Tukaenda Paris. Wafaransa wakasema na wao walimpokea kutoka Roma. Tukaenda Roma. Huko tukaambiwa kwamba Warumi wale wenye lugha yao ya Kilatini wamekwisha kufa wote. Tulionyeshwa makaburi. Tulipata chakula cha mchana."

Makofi kutoka jukwaani.

"Hata hivyo tulifanikiwa kumpata mama mzazi wa neno. Anaitwa *rumpere*. Maana yake," na hapo Profesa akamtazama Waziri, akapewa ruhusa kwa kope, "maana yake ni kuvunja. Mama huyu alizaa watoto wengi sana. Mmoja ni ile eripsheni ya milima inayotema moto. Mwingine anaitwa bankrapsi, huyo huwatembelea wafanyabiashara. Mwingine ni ruti, ambaye mnamwona kila siku stendi. Warumi walipovunja msitu kupitisha barabara waliiita njia iliyovunjwa, na kutoka hapo likaja jina. Lakini mtoto aliyefanikiwa kuliko wote, ndugu wa damu kabisa wa huyu rapcha wetu, ni korapsheni."

Jukwaani kila mtu akagundua kwamba viatu vyake vina kitu cha kutazamwa.

"Na maana ya korapsheni," Profesa akaendelea, kwa kuwa alikuwa msomi na asingeweza kujizuia, "kwa asili ni kuvunja pamoja. Ile sehemu ya mwanzo ina maana ya pamoja."

"Pamoja?" Waziri akainua kichwa. "Kwa hiyo ndani yake mna mshikamano?"

"Mwingi, mheshimiwa."

Waziri akaonekana kufarijika sana.

Ndipo Afisa Sangija akainua mkono. Alikuwa na wasiwasi wa kweli, ulionekana kwenye masikio yake.

"Mheshimiwa, kuna tatizo. Sheria ya Uhamiaji inasema mgeni mwenye ndugu wa damu aliyekaa nchini kwa muda mrefu hawezi kurudishwa. Huyo ndugu yake, korapsheni, je, kuna anayemfahamu? Amewahi kukaa nchini?"

Kwenye nyasi mtu akaanza kucheka. Mwingine akamziba mdomo, halafu akacheka yeye.

"Yupo tangu uhuru," sauti ikatoka nyuma. "Ana nyumba kule ufukweni."

"Ana mashamba," sauti nyingine ikasema.

"Huyo si ndiye aliyeleta simenti ya ukuta huu?" akauliza mama mmoja, kwa heshima zote.

Waziri akakohoa. Wakubwa wakainamiana, wakanong'ona, wakainuka.

"Imethibitika," Waziri akasema, "kwamba Ndugu Rapcha ana jamaa nchini, wenye makazi ya kudumu na heshima zao. Kwa hiyo hafukuziki. Na sisi si taifa lenye roho mbaya. Kuanzia leo, Rapcha ni raia."

Bendi ikapiga wimbo wa taifa. Bendera ndogo ikachomekwa ndani ya ufa, ikakaa kidogo, ikatemwa na maji. Kiapo kikasomwa kwa niaba yake, na kwa kuwa hakukataa, akahesabiwa ameapa. Mhandisi Domisiani akauliza kwa unyonge kama sasa ataruhusiwa angalau kumimina zege kidogo.

"Unataka kumziba raia mdomo?" Waziri akasema. "Katiba hairuhusu."

Hapo hata wale wasiocheka kwa kawaida, kama mimi, tulilazimika kuinama.

*

Bi Nyamizi hakucheka. Alisimama. Alikuwa amevaa kanga yake ya kwendea misibani na mjukuu mdogo amelala mgongoni.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza. Huyu raia mpya akikua, mimi na wajukuu wangu tutakuwa wapi?"

"Hapa hapa Bondeni, mama. Mtampokea kwa ukarimu."

"Mimi naomba kuhama."

"Katazo lipo palepale. Ukuta ni mzima. Ukiondoka utamvunja moyo..." Waziri akajishika. "Utamsikitisha Mlezi wa Taifa."

"Mheshimiwa, mimi nina watoto wawili wasio na mama wala baba. Wanalala pale, unapaona, pale penye mlango wa bati. Masika hii hapa. Kesho nitaondoka."

"Utarudishwa."

"Nitaondoka tena keshokutwa."

"Mama, unanijibu mimi?"

"Nakujibu, mheshimiwa, kwa sababu umeniuliza."

Sasa msomaji lazima ajue jambo moja kuhusu wakubwa wetu. Wakiwa na furaha husema Kiswahili. Wakiomba kura husema Kiswahili mpaka kile cha bibi zao. Lakini wakikasirika sawasawa, hasira huwatoa katika lugha ya mama zao, ambamo wangelazimika kumwita mzee kwa adabu, ikawapeleka kwenye ile ya wakoloni waliowafundisha kufoka. Mheshimiwa Kasongwa akaikamata maikrofoni kwa mikono yote miwili, mishipa ya shingo ikasimama.

"Nyinyi watu wa Bondeni, nyinyi wote, wote, ni bladi fulu!"

Spika zikapeleka maneno hayo mpaka kwenye ukuta, ukuta ukayarudisha.

Bi Nyamizi akanigeukia polepole.

"Mzee Malongo. Wewe ndiye uliyesoma. Hayo maneno ni ya lugha gani?"

"Kiingereza."

"Una hakika?"

Nikakaa wima. Wasiwasi juu ya kusoma kwangu sijawahi kuuvumilia kwa mtu yeyote. "Nimeyaona kwenye kamusi kwa macho yangu," nikasema. "Yote mawili."

"Hakuna hata moja la kwetu?"

"Hakuna."

Akamgeukia Afisa Sangija. "Mwanangu, umesikia. Serikali imetutaja kwa Kiingereza. Hadharani. Na aliyetutaja ana mamlaka."

Afisa Sangija alisimama taratibu, kama mtu aliyeitwa kwa jina kanisani. Nilimwona akiipitisha kanuni ile akilini kutoka mwanzo hadi mwisho, na nilimwona akiufikia mwisho bila kukuta mlango wa kutokea.

"Kwa mujibu wa kanuni," akasema, "hawa ni wageni."

"Upuuzi!" Waziri akasema, lakini alikuwa amechelewa kurudi kwenye Kiswahili. Makarani walikuwa wamekwisha kuandika.

"Mna ndugu wa damu waliokaa nchini?" Afisa akatuuliza.

"Ndugu zetu wote ni hawa," Bi Nyamizi akasema, akionyesha uwanja. "Na ametutaja wote. Alirudia, wote."

"Basi hamna pa kushikilia. Sheria inataka mwondolewe kabla ya wiki kwisha, kwa magari ya serikali, pamoja na mizigo yenu."

Mimi ndiye niliyetia ugumu, siwezi kuficha. Baba yangu alizikwa Bondeni. Nimelipa kodi zote, nimeimba nyimbo zote. Niandikwe mgeni, mimi? Nikamwambia Bi Nyamizi kwamba watu wengine wana fahari yao na hawakubali kufukuzwa katika nchi waliyoijenga.

"Fahari yako inaelea, Mzee Malongo?"

"Kivipi?"

"Nauliza tu. Ukiitupa majini, inaelea?"

Nilikwenda kufunga kitanda.

*

Magari yalikuja kama yalivyoahidiwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea tulipokuwa raia. Koplo yule wa kizuizini, aliyekirudisha kitanda cha Bi Nyamizi, sasa alikibeba mwenyewe juu ya bega na kukifunga kamba vizuri kisiumie. Wakapakia mbuzi, milango, mabati, mitungi, na mzee mmoja aliyekataa kushuka kwenye kiti chake. Akina mama waling'oa mafiga matatu matatu wakayafunga kwenye kanga, maana kwetu nyumba haijahama mpaka mafiga yahame. Afisa Sangija alisimama akihesabu wageni mmoja mmoja, na kila aliyepita alimtakia safari njema.

Waziri hakuja kutuaga. Alikuwa kwenye kikao cha kutafuta Kiswahili cha bladi fulu, ili aseme kwamba hicho ndicho alichokuwa amemaanisha.

Wakatupandisha kilima mpaka mpakani. Mlinzi wa nchi jirani akatutazama.

"Hawa si wa kwetu."

"Wala si wa kwetu," dereva wetu akasema.

Wakabishana mpaka wakachoka, wakatushusha katikati, kwenye ukanda wa nyasi kati ya kizuizi kimoja na kingine, ambako hakuna sheria ya mtu. Palikuwa na upepo, udongo mzuri, na mtazamo mpana. Bi Nyamizi akapanda vitunguu kabla hajafungua mikeka.

Masika ikafika kwa kishindo. Ukuta wa Mshikamano uliondoka mchana wa siku ya soko, sote tukiwa tunatazama kutoka juu. Sauti yake sitaieleza. Maji yaliinuka, yakasimama kidogo kama yanayotafuta anwani, halafu yakaipitia Bondeni yote. Nyumba yangu ilikwenda. Kaburi la baba yangu lilikwenda. Pale penye mlango wa bati maji yalipita juu sana, na baada ya hapo hapakuwa na pale. Wajukuu wa Bi Nyamizi walikuwa wamesimama kati yetu, mdogo akila muhogo. Alitazama kidogo akaendelea kula.

Bi Nyamizi aliketi chini. Sikuwahi kumwona akiketi mchana.

"Umepasuka," akasema, neno lile lile, kwa sauti ya kawaida.

"Umepasuka," nikasema na mimi.

Wakalisema wote waliokuwa pale, mmoja baada ya mwingine, wazee na watoto. Hakuna aliyetutoza.

Jioni redio ya taifa ikatangaza kwamba raia Rapcha amepanua shughuli zake, na kwamba bwawa limehamia kusini kwa hiari.

*

Nyasi za paa zilikuwa hazijakauka sawasawa Afisa Sangija alipokuja, kwa miguu, viatu vimejaa matope. Aliamkia kila mtu. Kisha akasimama mbele ya nyumba ya Bi Nyamizi, ambako Bi Nyamizi alikuwa juu ya kuta akifunga fito na mimi niko ngazini, nikimkatia kamba na kumshikia nyundo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unatembea peke yako? Gari liko wapi?"

"Linatafakari." Akajifuta uso. "Nimetumwa. Mlezi wa Taifa anakuja kusherehekea uzima wa ukuta. Wanatakiwa wakazi wa Bondeni wacheze ngoma na kusema wanaendelea vizuri. Kwa hiyo mmesamehewa. Mmekuwa raia tena, wote. Mnatakiwa kurudi."

"Kurudi wapi?"

"Bondeni."

Bi Nyamizi akatazama kule chini. Palikuwa na tope, na katikati ya tope turubai jipya lilikuwa linafungwa juu ya jukwaa.

"Hapana," akasema.

"Bibi, ni amri."

"Nimeisikia. Hapana."

"Waziri amesema mkikataa atakuja mwenyewe kuzungumza nanyi."

"Aje. Akipenda aseme Kiswahili, akipenda aseme Kiingereza. Tutamsikiliza tukiwa huku juu. Sisi uraia tulikuwa nao tukaambiwa tungoje maji. Tulipokuwa wageni tukapewa gari. Sasa hatutaki hili wala lile. Tunataka kuezeka kabla mvua haijarudi."

Afisa alinitazama mimi, nadhani kwa kuwa nilikuwa mtu mzima mwenye miwani.

"Mzee, mweleze. Nikarudishe jibu gani mimi?"

"Umeshapewa," nikamwambia. "Neno lenyewe ni hapana. Ni Kiswahili, na halijawahi kupigwa marufuku. Walilisahau."

Akasimama hapo, mikono ikining'inia, kijana wa watu, matope yakimkaukia miguuni. Bi Nyamizi akamtazama kutoka juu.

"Hiyo boriti iliyo karibu na wewe," akasema. "Inyanyue."

"Bibi, mimi niko kazini."

"Hata sisi. Inyanyue."

Akainyanyua. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, akayumba, akaipata, akaifikisha juu ya ukuta huku kofia yake ya kazi ikimwangukia nyuma.

"Nikiulizwa mahali hapa panaitwaje?" akauliza huku akihema. "Lazima niandike jina."

"Waambie wapande kilima waje waulize wenyewe," Bi Nyamizi akasema, akichukua nyundo mkononi mwangu. "Sogeza kushoto kidogo. Zaidi. Hapo. Usiachie mpaka nikwambie."